Nani Atamsikiliza Mtoto? Mhadhara juu ya Vyombo vya Kisasa na Ufundishaji Darasani



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kupatanisha matumizi ya vyombo vya kisasa, yaani kompyuta, vishikwambi, simu na projekta, na ufundishaji ulio bora, nami nimeitikia kwa furaha, ingawa natambua kwamba jambo hili aghalabu husemwa na watu wa namna mbili ambao wote hawatufai: wako wanaolisema kwa sauti ya mwuza bidhaa, ambao kwao shule isiyo na kompyuta ni shule iliyoachwa gizani, na wako wanaolisema kwa sauti ya matanga, ambao kwao kila mtoto mwenye simu mkononi amekwisha kupotea. Mimi sina duka la vyombo wala sina msiba. Nimezeekea katika ubao na chaki, na rai yangu, ambayo nitajaribu kuitolea hoja jioni hii, ni kwamba kabla ya kuuliza ni chombo kipi kiingie darasani, yatupasa tuulize ni kazi ipi ya mwalimu tunayotaka kukikabidhi, na ipi tusiyokuwa na idhini ya kuikabidhi hata tukiombwa. Na katika hizi za pili ya kwanza ni kumsikiliza mtoto anapokosea.

Matumaini ya kwamba mashine itamwondolea mwalimu kazi yake si mageni. Mwaka 1913 Thomas Edison, aliyekuwa na sifa ya kutimiza alilolinena, alitangaza kwamba vitabu vitakoma shuleni na kwamba picha za sinema zitashika mahali pake ndani ya miaka michache. Miaka imepita zaidi ya mia, na vitabu vingalipo pale vilipopatikana, ilhali darasa la sinema alilolitabiri halikutokea. Baada ya sinema ilikuja redio, na juu ya redio sisi tuna la kusimulia, maana mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wazima wapatao milioni mbili waliifuata, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa malaki. Wanaoikumbuka hukumbuka muziki na sauti ya mtangazaji, lakini aliyeiendesha kampeni ile mashinani hakuwa mtangazaji. Wasikilizaji waliketi katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa kabla, na kijitabu chake mkononi, na kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, ndipo kazi ikaanza: watu wakaulizana, wakabishana, wakapanga nani atachimba nini na lini. Walioitunga kampeni hiyo walijua kwamba sauti hewani haiwezi kumjibu mtu aliyesema, "Mimi kwangu ardhi ni mwamba, nitachimba wapi?"

Nirudi nyuma zaidi, kwa kuwa nasema na watu wengi wa mwambao. Mtu mgeni akipita kando ya chuo cha Kurani asubuhi husikia kelele tupu: watoto wameketi mkekani, huyu yuko katika herufi, yule katika juzuu ya Amma, mwingine amekwisha kuvuka mbali, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Akiketi kitako ataona utaratibu ulio madhubuti. Kila mtoto yuko mahali pake na kwa kadiri yake. Wakubwa huwasomesha wadogo. Na hapana anayevuka kwenda sura ya mbele mpaka mwalimu amemwita, amemketisha mbele yake, akamsikiliza yeye peke yake mwanzo hadi mwisho. Leo makampuni makubwa yanauza programu kwa ahadi kwamba kila mwanafunzi atakwenda kwa mwendo wake mwenyewe, na sisi tunazipokea kana kwamba jambo hilo halijapata kuonekana duniani. Sisemi haya ili kujitapa. Chuo kilikuwa na bakora yake, na kilikuwa na watoto waliohitimu bila kuelewa maana ya walichokihifadhi, na hayo ni makosa ambayo hapana sababu ya kuyafunika. Lakini lile la kumwita mtoto mmoja na kumsikiliza peke yake ndilo tulilolipoteza tulipojenga madarasa ya watoto themanini wanaotazama upande mmoja, na ndilo ambalo tungelidai chombo kitusaidie kulirudisha.

Naomba sasa tulitazame kosa moja kwa karibu, maana mazungumzo ya elimu yakikaa juu juu mno hayamfai mwalimu wa darasa la tatu. Mtoto amepewa hesabu ya 52 kutoa 27, naye ameandika 35. Mashine itampigia alama nyekundu, pengine na mlio wa huzuni, kisha itampa nyingine, tuseme 64 kutoa 38, naye ataandika 34, na alama nyekundu itarudi. Mwalimu akiketi kando yake na kumwambia, "Hebu nieleze ulivyofanya, mwanangu," ataambiwa kwa uhakika kamili: "Mbili haiwezi kutoa saba, basi nimechukua saba nikatoa mbili, nikapata tano, halafu tano kutoa mbili, tatu." Huyu hakubahatisha, wala si mvivu. Amejitungia kanuni, kwamba siku zote kidogo hutolewa katika kikubwa, na anaifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyozifuata kanuni zetu. Hahitaji hesabu nyingine ishirini. Anahitaji mafungu ya vijiti kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake, aone kumi likigeuka mamoja, kisha atoe saba katika kumi na mbili.

Insafu yanidai niseme kwamba programu iliyotungwa vizuri inaweza kulitambua kosa hili, kwa sababu wataalamu waliwasikiliza watoto kwanza, wakayaandika makosa yao, kisha wakayatia ndani ya mashine. Mjini Delhi, programu ya namna hiyo, yenye kumpima kila mwanafunzi na kumrudisha pale alipokwama hata kama ni nyuma ya darasa lake kwa miaka kadhaa, ilijaribiwa baada ya saa za masomo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliohudhuria walipiga hatua kubwa katika hisabati, na katika Kihindi pia, kwa muda wa miezi isiyotimu mitano. Sina ugomvi na jambo hilo, nalihusudu. Tofauti inabaki kuwa mashine hutambua kosa lililokwisha kutabiriwa, na mtoto wa Kilindi au wa Micheweni ana makosa yake ambayo bado hayajamfikia mtunzi wa programu.

Nimetaja Kilindi kwa kusudi, kwa kuwa mkoa wake wa Tanga ndiko kulikofanyika jaribio lililo kubwa na jasiri kupita yote katika lugha yetu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, likishirikiana na UNESCO, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na Serikali ya Tanzania, liliwapa vishikwambi watoto wapatao 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakienda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Umeme ulitoka katika paneli za jua. Programu zilikuwa za timu tano zilizofika fainali, zote kwa Kiswahili. Na mwalimu hakuwapo, maana shabaha ya shindano ilikuwa kujua mtoto atafika wapi pasipo mwalimu. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana tuzo ya dola milioni 10.

Habari hii imesomwa kwa namna nyingi, nami nitaisoma kwa namna yangu. Mtoto aliyekuwa hana kitu amepata kitu, na mtu asimame ambaye ana moyo wa kulibeza hilo. Laiti vishikwambi vile vingalifika kila kitongoji kisicho na shule, ningalishukuru. Lakini iko nusu ya pili ya hesabu. Watoto waliokaa na mashine nzuri kuliko zote zilizoshindanishwa duniani, mashine inayosema Kiswahili, isiyochoka, isiyokasirika, miezi 15 mizima, na wakatoka bila kusoma neno, walikwama wapi? Pengine mmoja hakuzipambanua herufi mbili zinazofanana. Pengine mwingine aliona haya, au alikuwa mgonjwa, au kaka yake alimnyang'anya kishikwambi kila jioni. Hayo ni mambo ambayo mwalimu huyajua kabla ya wiki ya pili, na mara nyingi huyajua kwa sababu mtoto amenyamaza mahali ambapo wenzake wamecheka. Jaribio la Tanga limetupa dawa ya mahali asipo mwalimu. Kulichukua kuwa kipimo cha mahali alipo ni kulionea.

Juu ya Peru sitasema mengi. Nchi ile ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi, ikagawa zaidi ya laki nane, na utafiti uliofanywa katika shule 319 za mashamba, ukachapishwa mwaka 2012, haukuona kwamba watoto waliopewa walizidi wenzao katika hisabati wala katika lugha, ingawa walionekana kuzidi kidogo katika mafumbo ya kupima akili. Kompyuta ziliongezeka kutoka moja kwa wanafunzi wanane hivi hadi zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi. Ufundishaji ulibaki vilevile.

Kenya ina mafunzo mawili yaliyo karibu nasi zaidi, na la pili ndilo nililolijia. La kwanza ni ahadi ya uchaguzi wa mwaka 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa kompyuta. Zabuni ilipelekwa mahakamani, miaka ikapita, na mwaka 2016 vifaa, ambavyo kwa wanafunzi vilikuwa vishikwambi, vikaanza kupelekwa shuleni kwa wingi, na shule nyingi zikavutiwa umeme kwa sababu hiyo. Faida ya umeme naiona kuwa kubwa kuliko ya vishikwambi, lakini hiyo ni rai yangu binafsi. Magazeti ya huko yalisimulia mara kwa mara juu ya vifaa vilivyofungiwa makabatini kwa kuchelea wezi, na juu ya walimu wakuu ambao dhamana ya vyombo iliwanyima usingizi. Na mtu hawezi kuwalaumu, kwa kuwa kishikwambi kikipotea hutajwa jina la mwalimu mkuu, ilhali mtoto akikosa kujua kusoma hatajwi mtu.

La pili lilitukia Kisumu, tena bila vishindo. Watafiti walizigawa shule za msingi katika makundi. Katika kundi moja kila mwanafunzi alipewa kifaa cha kusomea. Katika la pili kishikwambi alipewa mwalimu. Na katika la tatu hakupewa mwanafunzi wala mwalimu, alipewa yule mkufunzi azungukaye shule baada ya shule kuwatazama walimu wakifundisha na kuwashauri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, makundi yote matatu yalikuwa yamewazidi watoto wasioguswa na mpango, lakini hayakupitana wao kwa wao kwa kiasi cha kujivunia. Gharama ndizo zilizopitana mno. Kifaa kimoja mkononi mwa mkufunzi mmoja kiliwafaa watoto wa shule nyingi karibu sawasawa na vifaa vilivyojaa madarasa.

Kwa hiyo mpango wa kusoma uitwao Tusome ulipoenezwa katika shule za serikali za Kenya nzima tangu mwaka 2015, fedha zilikwenda kwanza katika vitabu, kitabu kwa kila mtoto, kisha katika mwongozo wa mwalimu, kisha katika mafunzo, na vishikwambi wakapewa maafisa wanaozuru shule. Natamani mwone kazi ya chombo hicho ilivyokuwa nyepesi na ilivyokuwa na maana. Afisa anaingia darasani, anaketi nyuma, anatazama somo na kujaza aliyoyaona. Somo likiisha anawaita watoto wachache mmoja mmoja, wanamsomea, naye anahesabu maneno waliyoyasoma sawasawa. Kishikwambi kinampa papo hapo mambo mawili matatu ya kumshauri mwalimu, na wote wawili wanakaa chini ya mti au ofisini wakazungumza. Na kwa kuwa chombo kinajua mahali kilipo, safari ya afisa inaonekana, na nauli yake inalipwa kwa shule alizofika kwelikweli. Wale miongoni mwenu waliofundisha mashamba miaka mingi bila kumwona mkaguzi wanajua uzito wa jambo hilo dogo. Chombo kilimfikisha darasani mtu mzima mwingine, na alipofika, akamsikiliza mtoto.

Iko hoja inayonisumbua, nami sitaikimbia. Nchini Kenya kuna shule za binafsi za ada nafuu, za kampuni iitwayo Bridge, ambamo mwalimu, aghalabu aliyemaliza sekondari tu, hushika kifaa na kufundisha kwa kufuata neno kwa neno somo lililoandikwa makao makuu. Utafiti wa mwaka 2022, alioshiriki Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliosoma humo miaka miwili katika shule ya msingi walikuwa mbele ya wenzao kwa kiasi cha karibu mwaka mzima. Ikiwa mwalimu msomaji wa kifaa anazaa matunda hayo, mbona nasumbuka? Nasumbuka kwa sababu naona somo lililoandaliwa vizuri limemshinda mwalimu asiyejiandaa, na hilo ni shutuma kwetu sote tunaoingia darasani na andalio la somo la mwaka juzi. Na kwa sababu nauliza mwalimu yule atakuwa ameongezeka nini baada ya miaka kumi ya kusoma maneno ya mwingine. Sina jibu la kuwaridhisha wachumi. Ninalo la mwalimu tu, kwamba ningempa kijana anayeanza kazi somo lililoandikwa, tena kwa furaha, kisha ningedai kwamba kila mwaka liwe fupi zaidi.

Sasa niseme kidogo juu ya projekta, ambayo imekuwa fahari ya shule za mijini. Mwalimu wa biolojia anayefundisha moyo wa binadamu kwa chaki huanza na mstari mmoja, halafu ukuta, halafu vyumba vinne, halafu vali, na muda wote kalamu za wanafunzi zinakwenda pamoja na mkono wake. Akikosea anafuta, nao wanafuta. Akisita kwenye vali wanajua kwamba hapo pana jambo. Mwalimu mwenye projekta huitupa ukutani picha nzima, yenye rangi na majina kumi na manne, kwa mpigo mmoja, na hiyo ni kama kumpa mtu ramani mahali pa kumtembeza njia. Lakini yapo ambayo chaki haiyawezi. Chaki haiwezi kuufanya moyo upige. Mwalimu hodari, basi, atachora kwanza, na ubao ukikwisha kujaa atawasha projekta kwa dakika mbili ili vali zilezile walizozichora wazione zikifunguka na kufunga, kisha ataizima na kuuliza damu ingekwenda wapi lau vali hii isingefunga. Dakika mbili katika kipindi cha dakika arobaini zinatosha. Na umeme ukikatika siku hiyo, kama unavyopenda kukatika, somo halikupotea.

Nimekwisha kusikia walimu wakilalamika kwamba kuunganisha nyaya, kutafuta plagi na kusubiri kompyuta iwake hula robo ya kipindi. Ni kweli, na ni hesabu inayostahili kupigwa na kila mwalimu kwa saa yake ya mkononi kabla ya kutamani chombo chochote.

Juu ya simu za wanafunzi sina mengi mapya. Shule zetu nyingi zimezipiga marufuku, na nchi tajiri zilizotucheka sasa zinatufuata; Sweden, iliyokwenda mbali katika kuweka skrini mbele ya watoto wadogo, iliamua mwaka 2023 kurudisha fedha katika vitabu vya karatasi. Simu ya mwalimu ni jambo jingine. Hiyo nataka iwe na bando, na nataka iwe na kazi usiku: kutazama jinsi mwenzake wa wilaya nyingine anavyofundisha sehemu, kupakua ramani, kuuliza katika kundi la walimu wa somo lake swali ambalo angeona haya kuliuliza ofisini. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu watu viligawiwa walimu wa Tanzania, na hilo lilikuwa jambo la busara, maadamu kifaa kimepewa mtu mzima mwenye haja nacho. Lililosalia ni kumwonyesha cha kufanya nacho zaidi ya kujaza takwimu zinazotakiwa juu, maana chombo kinachomwongezea mwalimu fomu kinampunguzia dakika za kuketi kando ya mtoto wa 52 kutoa 27.

Mwenyekiti amenidokeza kwamba baadhi yenu mtakaa karibuni katika kamati za kupanga matumizi ya fedha za shule, na ameniomba niwe wazi. Basi nitakuwa wazi. Shule ikipata fedha za kununua vishikwambi arobaini, mimi ningeanza na vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza na la pili, mpaka pasiwe na watoto watatu wanaochungulia kitabu kimoja. Baada ya hapo ningeilipia pikipiki ya Afisa Elimu Kata mafuta ya mwaka mzima, kwa sharti kwamba kila anapofika awasikilize watoto watano wakisoma na aandike majina yao. Kisha ningenunua paneli ya jua, na taa, na kishikwambi kimoja kwa kila idara ya masomo, kifunguliwe na walimu wakati wowote bila kuomba ufunguo kwa mtu. Fedha ikibaki, projekta moja, na waya wake uwe mrefu.